Ngazi ya Kijana Inamilikiwa na Nani? Uhakiki wa Mbio za Pikipiki za Kulipwa

Katika mazungumzo ya vijana, na hata katika mikutano ya baadhi ya matawi yetu, kuna maneno mawili yanayotumiwa kama dawa ya kila ugonjwa: kipaji na fursa. Kijana asiye na kazi huambiwa kwamba kipaji anacho, anachokosa ni fursa tu. Maneno haya yamekuwa na nguvu sana katika michezo, na sasa tunayasikia hata katika vijiwe vya bodaboda. Hoja yenyewe huenda hivi. Tanzania ina vijana wengi wanaoendesha pikipiki usiku na mchana, juani na matopeni. Hispania na Italia zimekuwa zikitoa mabingwa wa dunia wa mbio za pikipiki. Basi sisi tukijenga uwanja na kumpata mdhamini, hatuwezi kukosa bingwa miongoni mwa vijana hawa.

Tunataka kuihakiki hoja hii bila kuidharau. Wanaoitoa ni ndugu wenye nia njema, na sehemu yake ya kwanza ni ya kweli. Mtu na asimame asubuhi nje ya Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, kile kilichofunguliwa rasmi Februari 2021, awatazame vijana wanaowapokea abiria waliotoka mikoani. Atamwona kijana aliyepakia mama, mtoto na mzigo, akishika njia ya Makabe au Msakuzi, akishuka mahali ambapo mvua imekwisha kula nusu ya barabara, na mizani ya chombo haimpotei. Huo ni ustadi, na si kila mtu anaweza kuupata. Kosa la hoja liko katika sehemu ya pili. Inadhani kwamba kati ya kijana huyu na ubingwa kuna nafasi tupu inayongoja kujazwa kwa uwanja. Lakini pale pana ngazi iliyokwisha kujengwa siku nyingi, na ngazi hiyo ina mwenyewe.

Tuanze na huyo mwenyewe. Mbio kubwa za pikipiki duniani, yaani daraja la MotoGP pamoja na Moto2 na Moto3 zilizo chini yake, zinasimamiwa kwa jina na Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, ambalo lilianzisha ubingwa wa dunia mwaka 1949. Tunasema kwa jina kwa sababu haki za kibiashara, yaani matangazo ya televisheni, kalenda na mikataba ya viwanja, zilikabidhiwa kampuni ya Dorna ya Hispania kuanzia msimu wa 1992. Mwaka 1998 Dorna ilinunuliwa na CVC, ambao ni mfuko wa wawekezaji. Mwaka 2006 CVC ikanunua pia mbio za magari za Formula One. Tume ya Ulaya ikaona kwamba si salama mtu mmoja kuimiliki michezo yote miwili mikubwa ya injini, na CVC ikalazimika kuiuza Dorna kwa mfuko mwingine, Bridgepoint. Baadaye mfuko wa pensheni wa Kanada nao ukaingia ubia, hata ikawa akiba ya uzeeni ya mfanyakazi wa Kanada inazaa faida kutokana na mifupa ya vijana wa Hispania, na mfanyakazi mwenyewe huenda hana habari. Aprili 2024 Liberty Media ya Marekani, ambayo tayari ilikuwa inaimiliki Formula One, ilitangaza kuinunua Dorna kwa makubaliano yaliyoithamini kampuni nzima kwa euro bilioni 4.2. Safari hii Tume ileile iliruhusu bila sharti, na Julai 2025 Liberty ikachukua asilimia 84 ya hisa. Jambo lililoonekana kuwa hatari mwaka 2006 lilipita kihalali mwaka 2025. Makada wanaofundisha somo la dola na mtaji wanaweza kuutumia mfano huu darasani bila kuongeza neno.

Ukimjua mwenye mali, uulize pia nani anakaa kikaoni. Kanuni za mashindano haya hupitishwa na Kamisheni ya Grand Prix, ambamo mna sauti nne: FIM, Dorna, chama cha timu na chama cha watengenezaji wa pikipiki. Mpanda pikipiki, ambaye ndiye anayefanya kazi na ndiye anayevunjika, hana kiti. Hukutana na wakubwa katika kikao cha usalama, akasema aliyo nayo, lakini kura hana. Agosti 2022 ilitangazwa huko Austria kwamba kuanzia msimu wa 2023 kila Jumamosi ya mashindano itakuwa na mbio fupi za ziada, ili televisheni ipate siku mbili za kuuza badala ya moja. Wapanda pikipiki walilalamika waziwazi kwamba hawakushauriwa. Aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, Fabio Quartararo, alikuwa mmoja wa waliopinga. Mbio fupi za kwanza zilifanyika Portimão, Ureno, Machi 2023, na siku hiyohiyo Enea Bastianini alivunjika mfupa wa bega. Waliokuwa hai wakati wa Mwongozo wa TANU wa 1971, na waliousoma baadaye, watakumbuka uzito uliowekwa juu ya suala la mfanyakazi kushirikishwa katika maamuzi ya mahali pake pa kazi. Hapa tunaona mchezo wa thamani ya mabilioni, wenye kompyuta ndani ya kila gurudumu, ambao katika suala hilo bado uko nyuma ya kiwanda chetu cha nguo cha miaka ile.

Si kwamba wapanda pikipiki hawakupata kuamka. Mwishoni mwa mwaka 1979 Mmarekani Kenny Roberts na wenzake walitangaza kwamba wataanzisha mashindano yao wenyewe, kwa kuwa malipo yalikuwa duni na viwanja vilikuwa vya hatari. Mpango huo ulivunjika kwa kukosa viwanja, maana wenye viwanja walikuwa upande wa FIM. Hata hivyo FIM ilishtuka na kuongeza malipo. Jambo la kuangalia ni kwamba waliogoma walikuwa mabingwa wakubwa. Kijana wa miaka kumi na sita anayetafuta timu hawezi kugoma. Atagoma vipi wakati nyuma yake wamepanga foleni wengine ishirini?

Wenye ngazi wana hadithi yao wanayoipenda, nayo ni ile ya mtoto wa maskini. Hadithi ya miaka hii ni ya Pedro Acosta. Alizaliwa mwaka 2004 huko Mazarrón, mji wa pwani katika mkoa wa Murcia nchini Hispania, na baba yake ni mvuvi. Mwaka 2020 alishinda Kombe la Rookies, mashindano ya vijana yaliyoanza mwaka 2007 kwa ushirikiano wa Dorna, kampuni ya vinywaji ya Red Bull na kiwanda cha KTM cha Austria. Aprili 2021 huko Doha, akiwa katika shindano lake la pili tu la Moto3, aliadhibiwa aanze nyuma ya wenzake wote, akitokea njia ya karakana. Akawapita wote akashinda. Mwaka huohuo alikuwa bingwa wa dunia wa Moto3, na mwaka 2023 akawa bingwa wa Moto2. Mtu wa Kunduchi au Bagamoyo anayejua maisha ya mvuvi, akiisikia habari hii, lazima moyo umchangamke.

Hadithi hii ni ya kweli, na kijana anastahili kila sifa. Tunachokihakiki ni yale inayoyanyamazia. Mtoto huyo wa mvuvi alizaliwa katika mkoa wenye uwanja wa mbio wa Cartagena, katika nchi ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiandaa mashindano manne ya ubingwa wa dunia katika msimu mmoja: Jerez, Catalunya, Aragón na Valencia. Mashindano ya vijana ya ngazi ya juu kabisa hufanyika kwa sehemu kubwa katika nchi hiyohiyo. Mtoto wa pale huanza na vipikipiki vidogo akiwa bado anang'oka meno ya utotoni. Ni kweli kwamba katika Kombe la Rookies pikipiki hutolewa na waandaaji, tena zote za aina moja, na kwa hiyo mlango wenyewe ni wa bure. Lakini kabla ya mlango wa bure kuna korido ndefu ya kulipia. Anayefika kwenye mchujo akiwa na miaka kumi na mitatu amekwisha kukimbia miaka saba au minane kwa petroli, matairi na safari za wikiendi zilizolipwa na nyumbani kwao. Akishavuka mlango huo ataikuta korido nyingine, kwa kuwa timu nyingi za madaraja ya chini humpokea kwa furaha zaidi kijana anayekuja na mdhamini mkononi. Hadithi ya mtoto wa mvuvi inamhesabu aliyefika juu. Walioshuka njiani na madeni ya wazazi wao hawana mtangazaji.

Kuna ukinzani mwingine ndani ya ngazi hii ambao wanafunzi wetu hawana budi kuuona. Usawa wa mashine ni haki kwa kipaji: mtoto wa tajiri hawezi kununua injini kubwa kuliko ya mwenzake. Lakini mashine zikiwa sawa kabisa, hakuna anayeweza kumwacha mwenziwe. Vijana ishirini na zaidi huenda kundi moja, gurudumu karibu na gurudumu, kila mmoja akijificha nyuma ya mwenzake apunguze upepo. Anayeanguka huangukia mbele ya wanaomfuata. Mwaka 2021, katika muda wa miezi minne tu, walikufa vijana watatu: Jason Dupasquier wa Uswisi, miaka 19, huko Mugello mwezi Mei, Hugo Millán wa Hispania, miaka 14, huko Aragón mwezi Julai, na Dean Berta Viñales wa Hispania, miaka 15, huko Jerez mwezi Septemba. Baada ya misiba hiyo FIM na Dorna walipunguza idadi ya washindani katika mashindano ya vijana na kupandisha umri wa kuingia ubingwa wa dunia hadi miaka 18 kuanzia 2023, wakibakiza upenyo kwa wachache wanaofanya vizuri zaidi katika mashindano ya chini. Hatua hizo tunaziunga mkono. Lakini tunauliza: kwa nini mtoto wa miaka 14 awe kwenye kundi lile? Yuko pale kwa sababu timu inayomchukua akiwa mdogo humfunga kwa mkataba wa bei nafuu, na anayesubiri akomae huwakuta wengine wamekwisha kumchukua. Soko la kazi ndilo linaloushusha umri, na kanuni huja baada ya mazishi.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. La hasha. Afrika imekuwamo katika mbio hizi tangu zamani, ila inafaa tuulize ni Afrika ya nani. Mwaka 1961 bingwa wa dunia wa daraja la 350 na la 500 alikuwa Gary Hocking. Baada yake Jim Redman akatwaa mataji sita kwa pikipiki za Honda kati ya 1962 na 1965. Wote wawili waliandikwa kuwa wa Rhodesia, na wote wawili walizaliwa Uingereza. Kork Ballington, mzaliwa wa Salisbury, ambayo ndiyo Harare ya leo, alichukua mataji mawili mwaka 1978 na mawili mengine mwaka 1979 kwa jina la Afrika Kusini. Walowezi hawa walikuwa hodari, hilo hatulikatai. Walikuwa pia na mashamba, karakana, klabu na barabara za kufanyia mazoezi katika nchi ambamo mwenye ardhi alikuwa haruhusiwi kupiga kura. Na wakati wanamichezo wa Afrika huru wanakataa kuchezeana na utawala wa makaburu, wakubwa wa mbio za pikipiki walifunga safari hadi Kyalami, karibu na Johannesburg, wakafanya mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 1983, 1984 na 1985.

Hapa hatuwezi kupita bila kumtaja Filbert Bayi, kwa kuwa ngazi yake ni kinyume cha hii tunayoihakiki, na kwa kuwa ni jirani: shule aliyoianzisha iko Kimara, kituo kifupi tu kabla ya kufika Mbezi kwa anayetoka mjini. Bayi ni mtu wa Karatu, askari wa Jeshi la Wananchi. Februari 2, 1974, huko Christchurch, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ikawa rekodi ya dunia, na New Zealand nzima iliyokuja kumshangilia John Walker ikabaki imesimama. Ngazi iliyompandisha ilikuwa ya shule, ya jeshi na ya Baraza la Michezo la Taifa, lile lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Hakuna aliyemnunua, hakuna aliyemuuza. Lakini ngazi ya umma nayo ina mamlaka juu ya kijana, na tusijifanye hatulioni hilo. Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusa Michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini. Mbio ambazo dunia nzima ilizingojea, Bayi na Walker, hazikukimbiwa, na Walker akachukua dhahabu. Kwa maoni yetu uamuzi ule ulikuwa sahihi, na gharama yake ililipwa na kijana wa miaka 23. Yote mawili ni kweli. Tofauti ni kwamba sababu ya uamuzi ilitangazwa hadharani na kila raia aliweza kuijadili. Mwaka 1980 Bayi alirudi akachukua medali ya fedha huko Moscow katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akachukua nyingine katika mita 5000.

Mkimbiaji, hata hivyo, anahitaji miguu, chakula na mwalimu. Mpanda pikipiki anahitaji mashine, na mashine ni mali ya mtu. Hii ndiyo sababu ngazi ya Bayi haiwezi kuhamishiwa Mbezi Luis hivihivi kwa kubadilisha jina la mchezo. Kenya na Uganda, ambako mbio za pikipiki za matopeni, yaani motokrosi, zina mizizi zaidi kuliko kwetu, zinathibitisha. Jamhuri pale Nairobi, Garuga karibu na Entebbe na Busiika wilayani Luweero ni viwanja vya kweli, vyenye watazamaji na watoto hodari wanaoanza na pikipiki ndogo za ujazo wa 50. Lakini timu ni baba na mama. Mashine huagizwa kutoka nje, vipuri vilevile, na mtoto ambaye mzazi wake hana uwezo huo huja uwanjani kama mtazamaji. Kwetu mchezo huu umeonekana zaidi kaskazini, Kilimanjaro na Arusha, na habari ni ileile.

Tuwageukie Waasia, maana wao hutolewa kama ushahidi kwamba nchi za pikipiki nyingi zinaweza kupanda. Mwaka 2014 Dorna na Honda walianzisha Kombe la Vipaji la Asia. Mwaka 2016 lilishindwa na Somkiat Chantra wa Thailand, ambaye mwaka 2025 alikuwa Mthailand wa kwanza kukimbia katika daraja la MotoGP. Indonesia ilijenga uwanja wa Mandalika na kuyapokea mashindano mwaka 2022. Ni maendeleo. Lakini ngazi ya Asia ilijengwa kwa sababu Honda na wenzake huuza mamilioni ya pikipiki kule, na bingwa wa nyumbani ni tangazo la biashara. Kijana wa Thailand alipandishwa kama uso wa soko.

Basi, pikipiki za Mbezi Luis zinauzwa na nani? Jibu la swali hili ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Tazama kijiweni: TVS, Haojue, SanLG, na zaidi ya zote Boxer. Boxer inatengenezwa na Bajaj ya India, kampuni ileile ambayo jina lake tumeligeuza kuwa jina la chombo cha magurudumu matatu. Mwaka 2007 Bajaj ilinunua asilimia 14.5 ya KTM, kile kiwanda cha Austria kilichotoa pikipiki za Kombe la Rookies, na ikaendelea kuongeza hisa miaka iliyofuata. Novemba 2024 KTM iliangukia katika ufilisi, madeni yakiwa yameizidi, huku Pedro Acosta na Brad Binder wa Afrika Kusini wakiwa wapanda pikipiki wake. Mwaka 2025 Bajaj ndiyo iliyoleta fedha za kuikwamua, na mwaka huohuo ikashika udhibiti. Maana yake ni kwamba faida iliyopatikana kwa kuuza pikipiki za kazi katika nchi kama yetu, fungu kwa fungu, ni sehemu ya nguvu iliyoiokoa timu ya mbio ya Ulaya. Kijana wa Malamba Mawili anayepeleka hesabu kila jioni yumo tayari katika mashindano ya MotoGP. Yumo kwenye ngazi kama mti ulioshikilia vidato.

Turudi basi kwake. Wengi wa vijana hawa hawamiliki chombo wanachoendesha. Wako wa aina mbili. Wa kwanza humpelekea tajiri hesabu ya siku na kubaki na kinachozidi, kama kitazidi. Wa pili wako kwenye mkataba: hulipa hesabu kwa muda uliokubaliwa, ambao mara nyingi hupita mwaka, na mwisho chombo huwa chao, kikiwa kimechoka, na baada ya kulipa jumla inayoipita mbali bei ya dukani. Akiugua wiki mbili, akikamatwa, akianguka, hesabu haiugui. Mkataba wenyewe mara nyingi ni karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu mbele ya shahidi mmoja, na wakati mwingine ni mdomo tu. Ndiyo maana anakimbia. Wanaosimama barabarani wakastaajabia jinsi kijana anavyopenya kati ya malori mawili ya Barabara ya Morogoro, wakasema huyu ana kipaji cha mbio, wanaitazama kasi ya deni. Wauguzi wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili wanaijua kasi hiyo kwa upande wake wa pili.

Na siasa? Kijana wa bodaboda anatafutwa sana wakati wa kampeni. Hupewa petroli na fulana, akaambiwa aongoze msafara wa mgombea, anyanyue tairi la mbele mbele ya umati, apige honi. Vyama vyote hufanya hivyo, na hatukitoi chetu. Siku hiyo kasi yake, ambayo jana ilikuwa kosa la barabarani, huwa shangwe ya mkutano. Msafara ukiisha hakuna anayemuuliza kuhusu mkataba wake. Alipowahi kuzuiwa kuingia katikati ya jiji, aliisikia habari hiyo kutoka kwa askari. Katika hili hatuna haki ya kuicheka Kamisheni ya Grand Prix. Sisi pia tumekuwa tukitunga kanuni za chombo huku anayekiendesha yuko nje ya mlango.

Tusieleweke kwamba tunapinga mbio. Kijana ana haki ya kupenda mwendo, na uwanja mdogo wa udongo, wa wilaya au wa shule, ambapo vijana watashindana kwa pikipiki hizihizi za kazi, kofia ngumu vichwani na mafundi wao wenyewe pembeni, ungetufurahisha kuliko semina kumi za usalama barabarani. Utawafundisha breki, ambazo wengi walijifunza kwa rafiki katika jioni mbili za kiwanja cha mpira. Utazalisha mafundi, na fundi hula maisha yake yote, wakati mshindi hula miaka michache. VETA wanaweza kushirikishwa. Tunachokipinga ni kuanza na mdhamini. Anayeanza na mdhamini amekwisha kuigawa ngazi kabla hajaijenga, na kijana wa kwanza atakayeng'ara atakuwa na mwenyewe kabla hajajua jina la mkataba alioutia saini.

Pa kuanzia ni umiliki wa chombo, na nyenzo iko, tena ya kisheria. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudishwa mwaka 2024. Vikundi vya vijana vinavyoielewa vimenunua pikipiki bila kupitia kwa tajiri. Vingine vimeandikwa na mtu mmoja mwenye majina ya wenzake mfukoni, naye akawa tajiri mpya, na hili makada wa kata wanalijua kuliko sisi.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa vikundi vya mafunzo katika matawi ya Mbezi, Msigani, Goba, Kwembe na Kibamba wafanye zoezi moja kabla ya kujadili tena habari za vipaji. Waende kijiwe kwa kijiwe, na kwa kila pikipiki waulize mambo matatu: kadi ya chombo ina jina la nani, hesabu ni kiasi gani, na mkataba umebakiza miezi mingapi. Wasiandike jina la kijana, waandike majibu tu. Kazi hiyo imalizike kabla halmashauri haijapitisha makisio ya mwaka, kwa kuwa fungu la vijana hutoka kwa maombi ya vikundi, na kikundi kisichojua ni vyombo vingapi kati ya vyake ni vya wanachama wenyewe hakitaweza kuijaza hata fomu ya kwanza.